PS4, laptopu ya mtumba au simu mpya: laki sita yako iende wapi?

Ukiingia mtaa wa One Way hapa Dodoma ukiwa na laki sita mfukoni, una njia tatu. Unaweza kutoka na PlayStation 4 iliyotumika na pedi zake mbili. Unaweza kutoka na laptopu ya mtumba, zile zilizomaliza muda wake kwenye maofisi ya nje zikaletwa kwa makontena. Au unaweza kutoka na simu mpya ya daraja la kati, ya boksi, yenye kioo kipana na betri kubwa. Bei zinapishana duka na duka, ila vyote vitatu vinazungukia hapo hapo, na bei zikishalingana watu huanza kuchagua kwa macho.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama ni kifaa kimoja tu utakachonunua mwaka huu, na wewe ni mwanafunzi wa chuo au kijana unayesaka kazi, chukua laptopu, na hamu ya gemu kaimalizie kwenye banda la gemu, unakolipia kwa mechi. Kwa nyumba yenye watoto kadhaa na televisheni tayari ukutani, jibu langu ni jingine. Simu naiweka ya mwisho, isipokuwa kwa mtu ambaye ya zamani imekufa kabisa. Tuvilinganishe kwa vitu vinavyokula hela baada ya kununua, maana bei ya dukani unailipa mara moja tu.

Umeme: hofu kubwa, hela ndogo

Dada mmoja jirani yangu hapa Nkuhungu aliniuliza, "Kaka, huyu mwanangu kamaliza kidato cha sita anang'ang'ania PS. Si itanimalizia LUKU hii?" Nikamjibu, "Dada, tupige hesabu kwanza." Hesabu yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. PS4 Slim, ile nyembamba iliyotoka 2016, ikiwa kwenye gemu inatumia kama wati 80. Televisheni ya LED ya inchi 32 iongezee wati 40. Jumla 120. Akicheza saa tatu kila siku, ni yuniti 0.36 kwa siku, yaani karibu yuniti 11 kwa mwezi.

Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo pamoja na kodi inakaribia shilingi 350 kwa yuniti, hiyo ni kama shilingi 3,800 kwa mwezi. Laptopu ya ofisini inakula wati 20 hadi 30. Iwashe saa tano kwa siku, mwezi utaisha na yuniti nne hivi. Simu ndiyo haionekani kabisa. Betri ya mAh 5,000 ina nishati ya saa-wati 19 hivi, na ukijumlisha inayopotea kama joto wakati wa kuchaji, ukiijaza kila siku kwa mwezi mzima hufikishi yuniti moja.

Kwa hiyo umeme si sababu ya kumnyima mtoto PS, ila kuna kesi moja ya kuangalia. Nyumba za matumizi madogo, zinazokaa ndani ya yuniti 75 kwa mwezi, zinanunua yuniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, na ukivuka, zile za ziada zinapanda hadi 350. Kama nyumba yako inaishi kwenye yuniti 68 au 70, zile 11 za PS zinakuvusha mpaka. Na ukipewa PS4 ya kwanza kabisa, ile nene ya 2013, ujue inakula umeme zaidi sana ya Slim. Ukiikuta Slim kwa tofauti ya elfu thelathini au arobaini, lipa hiyo tofauti.

Umeme unapokatika ghafla ndipo PS4 inapopitwa wazi. Laptopu inahamia kwenye betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea. PS4 inazimika hapo hapo, na ukiiwasha inaanza kukagua diski. Mara nyingi inapona, ila diski ya kuzunguka iliyozimwa hivyo mara kwa mara hufika siku ikagoma.

Bando ndilo linalokula hela

Wakati wazazi wanaogopa LUKU, hela inavujia upande wa intaneti. GB moja kwenye bando la kawaida ni elfu mbili na kitu. Gemu kubwa za siku hizi za PS4 na kompyuta zina GB 50, na nyingine zinapita 100. Kuishusha gemu ya GB 50 kwa bando la simu ni zaidi ya laki moja, na hapo hujailipia gemu yenyewe.

Hapa PS4 ina silaha ambayo wenzake hawana: CD. PS4 zote, ya kwanza, Slim na Pro, zina mlango wa CD. Unanunua CD iliyotumika, unacheza mpaka unaichoka, unaiuza au unabadilishana na mwenzako. Gemu ya CD ni mali, ina bei sokoni hata baada ya mwaka. Gemu uliyoishusha kwenye akaunti yako huwezi kumuuzia mtu. Tena mpira bado unatoka kwa PS4: hata EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 ina toleo lake. Kitu cha kuepuka ni kuiunganisha PS kwenye hotspoti ya simu ukaiacha ijisasishe yenyewe usiku. Zima masasisho ya moja kwa moja kwenye mipangilio siku unayoifikisha nyumbani.

Laptopu nayo ina mdomo wake. Windows hushusha masasisho kimyakimya, na mtu anashangaa bando la wiki limeisha Jumanne. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna kitufe cha kuiambia kwamba intaneti hii ni ya kulipia kwa kipimo. Kiwashe kwa kila hotspoti unayotumia. Masasisho yafanye chuoni au ofisini, kwenye Wi-Fi isiyotoka mfukoni mwako.

Simu inadanganya kwa namna nyingine. Free Fire, PUBG Mobile na eFootball zinashushwa bure, na mechi ya mtandaoni yenyewe haili data nyingi. Hela inaondokea ndani ya gemu: dayamondi, sarafu, nguo za mhusika, wachezaji wapya. Elfu mbili leo, elfu tatu keshokutwa, zote kwa mguso wa kidole kimoja kutoka kwenye akaunti ya simu. Kama unataka kujua ukweli, fungua taarifa ya miamala ya miezi mitatu na ujumlishe. Nimewaona vijana wakikuta wamemaliza hela ya CD nne za PS4 bila kubaki na kitu cha kuuza.

Vumbi la Dodoma

Hili halisemwi sana kwenye video za YouTube kwa sababu wanaozitengeneza hawaishi hapa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, upepo unavuma, na vumbi la Nzuguni au Ihumwa linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Kifaa chenye feni kinavuta hewa ili kipooze, na pamoja na hewa kinavuta vumbi hilo, likajikusanya kwenye mapezi ya chuma yanayotoa joto. Joto likikosa pa kutokea, feni inazunguka kwa nguvu zaidi, inavuta vumbi zaidi, na mwisho prosesa, yaani ubongo wa kifaa, inapunguza kasi yake ili isiungue.

PS4 inaumia zaidi kwa sababu watu huiweka chini kwenye shelfu ya televisheni, karibu na sakafu. Dalili yake ni kelele: ukisikia inanguruma kama basi la mikoani linapanda mlima, imeshajaa. Iweke juu, iache nafasi ya nyuma, na mwisho wa kiangazi mpelekee fundi aifungue, aipulize na abadilishe pesti ya prosesa. Laptopu inahitaji huduma hiyo hiyo, ila inatembea na wewe na hutumika mezani, kwa hiyo inachelewa kujaa. Simu haina feni na haijali. Hapa simu inashinda bila ubishi.

Pedi za PS ni gharama nyingine. Kile kijiti cha kidole gumba kina kipande ndani kinachosagika taratibu, na kikisagika mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa. Pedi bandia zimejaa madukani na zinafika hapo haraka zaidi. Ukiwa dukani, ingia kwenye gemu, weka pedi mezani, usiiguse, utazame kama kamera inasogea.

Laptopu: hapa ndipo pa kuwa makini

Muuzaji atakwambia, "Bro, hii ni Core i5, chuma." Core i5 ni jina la familia ya prosesa za Intel, na peke yake halina maana. Iliyotoka 2015 ni Core i5, na iliyotoka 2020 ni Core i5 pia. Soma namba inayofuata. Kwenye i5-6300U, ile 6 ni kizazi cha sita. Kwenye i5-8350U, ile 8 ni kizazi cha nane. Kwenye i5-10310U ni cha kumi. Mpaka wako uwe kizazi cha nane, kwa sababu moja kubwa: Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazikubali rasmi mashine za kuanzia kizazi hicho. Tangu tarehe hiyo, mashine za kizazi cha sita zimekuwa za kutupwa kwenye maofisi mengi ya nje, na zikitupwa kule zinakuja kwetu. Utaziona kwa bei tamu. Sasa umejua kwa nini.

Kwa majina ya modeli: HP EliteBook 840 ukiona G3 ni ya kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 mara nyingi ndiyo ya nane. Lenovo ThinkPad T470 inaishia cha saba, T480 inaingia cha nane, na T480 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma. Dell Latitude 7490 nayo imo. Memori (RAM) isiwe chini ya GB 8, na diski iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Laptopu ya SSD yenye prosesa ya kawaida inakupa raha kuliko yenye prosesa kali na diski ya kuzunguka.

Betri usiiamini kwa maneno. Omba uiwashe mwenyewe, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Inatengeneza ukurasa na kukuandikia ilipouhifadhi; ufungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Wa kwanza ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, wa pili ni uliobaki leo. Ukikuta 50,000 juu na 31,000 chini, betri imebaki asilimia 62. Hapo una hoja ya kushusha bei, na muuzaji hawezi kubishana na karatasi iliyotoka kwenye mashine yake mwenyewe.

Kisha izime, uiwashe ukibonyeza F10 kama ni HP, F1 kama ni Lenovo, F2 kama ni Dell, ili uingie kwenye mipangilio ya msingi ya mashine (BIOS). Ikikuuliza paswedi, iache hapo hapo. Ni mashine ya kampuni iliyofungwa, na kuifungua ni mateso. Mwisho iunganishe na hotspoti yako mbele ya muuzaji. Kuna laptopu ambazo mpaka zikutane na intaneti ndipo zinapodai akaunti ya mwajiri wa zamani.

Kwenye gemu, usitegemee miujiza. Kadi ya picha iliyojengwa ndani ya mashine hizi inamudu PES 2017, ambayo vijana wengi bado wanaicheza na vikosi vipya, inamudu GTA San Andreas, Football Manager na Minecraft kwa mipangilio ya chini. Gemu nzito za sasa hapana. Mtu anayetaka gemu nzito na masomo kwa laki sita hatavipata vyote kwenye kifaa kimoja, na muuzaji anayemwahidi hivyo anataka tu biashara iishe.

Ila baada ya gemu kuzimwa, laptopu inaendelea kufanya kazi. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini kwenye Ajira Portal, zabuni kwenye mfumo wa NeST, vyote vinajazwa mtandaoni. Kwenye simu vinawezekana, lakini jaribu kupakia vyeti sita vya PDF kwenye kioo kidogo, ukurasa ukajirudisha mwanzo ukiwa kwenye cha tano. Hapo ndipo vijana wanapokimbilia stesheneri na kuacha elfu tano, mara nyingi wakiacha na paswedi zao pia. Kijana wa UDOM anayesoma kompyuta pale CIVE hana hata haja ya kuambiwa. Mwenye duka la mahindi na alizeti pale Kibaigwa naye akijifunza jedwali la Excel atajua gunia lipi lilimlipa na lipi lilimla.

Kwa mwenye laki tatu tu na chuo kinafunguliwa kesho, mashine ya kizazi cha sita bado ina maisha ukiiwekea Linux Mint. Ni ya bure, inapata masasisho ya usalama, na LibreOffice inafungua kazi nyingi za darasani. Kama mwalimu wako anadai programu maalumu ya Windows, basi vumilia uongeze hela.

Simu, kwa ufupi

Simu mpya inashuka thamani mara tu boksi likifunguliwa, na gemu unazocheza humo zinachezeka pia kwenye simu uliyo nayo sasa, kwa picha hafifu kidogo. Kama lazima ununue, uliza miaka ya masasisho kabla ya kuuliza kamera. Samsung walitoa Galaxy A16 mwaka 2024 kwa ahadi ya miaka sita. Simu nyingi za bei hiyo hazifiki hapo. Bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwenda 15090, usubiri jibu la kama simu ni halisi kabla hujatoa hela.

Za mkopo zipige hesabu kwa jumla. Tuseme kianzio ni laki moja na kila siku unalipa 1,500 kwa mwaka. Hiyo ni 647,500. Kama simu hiyo hiyo taslimu ni laki nne, umelipa karibu laki mbili na nusu kwa ajili ya kutosubiri, na siku ukikosa 1,500 inajifunga ukiwa njiani. Kwenye mchezo wa watu sita mnaochangiana laki moja kwa mwezi, unaipata laki sita nzima bila riba. Ukiangukia zamu ya mwisho utasubiri nusu mwaka, lakini utafika kaunta ukiwa na hela kamili na sauti ya kupunguziwa bei.

Banda au PS ya nyumbani?

Tuseme mechi moja bandani ni mia tano. Mtu anayecheza mechi kumi kwa wiki anatumia elfu tano, yaani laki mbili na elfu sitini kwa mwaka. PS4 ya laki tano na nusu itachukua zaidi ya miaka miwili kurudisha hela yake kwa mtu huyo, na hapo sijahesabu CD, pedi, wala fundi. Kwa mchezaji mmoja wa mara mojamoja, banda ni nafuu kuliko watu wanavyokubali.

Weka watoto watatu nyumbani, kila mmoja na mechi zake kumi. Sasa ni karibu laki nane kwa mwaka, na PS inajilipa kabla mwaka haujaisha. Mzazi anajua pia watoto wako wapi saa kumi na mbili jioni, na kwamba mechi haichezewi hela. Hiyo ndiyo nyumba ninayoiambia ichukue PS4 bila kusita. Jirani yangu ana mmoja tu, na anaingia chuo Oktoba. Nilimshauri laptopu.

Dodoma au Kariakoo?

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wengi wanashuka Kariakoo asubuhi na kurudi jioni. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa 31,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 62,000 kabla ya chakula na bodaboda. Kama tofauti ya bei haifiki laki moja, nunua hapa hapa. Laptopu ya mtumba ikileta tatizo wiki ya pili, utatembea kwa miguu kumrudishia aliyekuuzia One Way. Yule wa Kariakoo utampigia simu, atakwambia, "Nitumie kwa basi, boss," na utaanza kulipa nauli ya mzigo.

Popote utakaponunua, dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, mwambie muuzaji aandike nyuma namba ya utambulisho ya mashine (serial number) na siku za waranti, kisha aweke saini na namba yake ya simu. Akikataa kuandika, maduka ni mengi mtaa ule.